Fundi Anayebana Pumzi

Hivi wewe, umewahi kukabidhiwa mjukuu wako mwenyewe kama mtu anayepokezwa sufuria la moto? Basi bibi mmoja, fundi cherehani, ndivyo alivyofanyiwa. Kwanza aketishwe kwenye kochi, mto kulia, mto kushoto, ndipo kitoto kiwekwe mapajani. Yote kwa sababu siku moja alipepesuka mlangoni akiwa amembeba, akaegemea fremu. Mtoto hata hakuamka. Lakini mkwewe aliona, na tangu hapo kumbeba huku amesimama ikawa marufuku. Bibi akawa anakaa kochini kama alivyoagizwa.

Mkwe huyo huyo, kwa nia njema, akampeleka kwenye mazoezi ya pilatesi, ukumbini juu ya duka la viatu. Watu wanalala kwenye mikeka laini, wanakaza tumbo, wanainua miguu polepole. Bibi akacheka kimoyomoyo: kulala chali mchana kweupe, halafu kuitwa kazi. Haukupita muda, mapaja yalikuwa yakimtetemeka kama cherehani iliyolegea skrubu.

Balaa ilikuwa kusimama kwa mguu mmoja. Akiinua tu, mara kaukumbatia ukuta.

"Mama, unabana pumzi," mwalimu akamwambia.

"Lazima nibane. Ukitunga uzi kwenye sindano ukapumua, uzi unakimbia."

"Hapa hakuna sindano, mama."

"Uambie huu mwili. Umeshona maisha yake yote, hauna habari."

Mkwe, naye yuko juu ya mguu mmoja, alicheka mpaka akaanguka.

"Umeona?" bibi akasema. "Na wewe leo mtoto hupewi."

Mkwe akajiinua mkekani, kicheko kimemkatika.

Mwalimu akamfundisha bibi kutoa pumzi taratibu kama anayepoza chai, kitovu ndani, macho mahali pamoja. Bibi akaendelea nayo hata jikoni, akisubiri maji yachemke. Wiki zikapita. Asubuhi moja, kule ukumbini, akainua mguu. Mwalimu akaenda kumrekebisha mwingine, akarudi, akamkuta bado yuko wima, anapumua zake.

Waliporudi nyumbani, mkwe akaipanga mito kama kawaida. "Kaa, mama, nikupe mtoto."

Bibi hakukaa.

"Sikai, mwanangu. Nataka kumbeba nimesimama, nitembee naye mpaka dirishani. Tangu siku ile nilitaka hivyo, nikaona haya kukuambia."