Bata Aliyetunziwa Mwenyewe

Setilaiti ilimwona bata huyo papo hapo kutoka juu angani. Njiru wa Kanja, mtafiti wa ndege aliyemfunga mtambo wa kumfuatilia mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, alimwona siku nne baadaye kwa faksi ya posta ya Embu. Hayo ndiyo yalikuwa maendeleo ya mwaka 1996.

Yeye na wenzake wa mradi waliwafunga mitambo mabata mwitu watatu katika bwawa moja la huko. Mitambo ya wawili ilinyamaza kabla ya Krismasi. Akabaki huyu jike, na sasa ulikuwa mwezi wa nne, wakati wenzake huondoka kwenda kaskazini kuzaa. Akienda, Njiru angejua hatimaye wanapita wapi, jambo alilolihangaikia miaka mitano. Asipoenda, mradi ungefungwa. Mkubwa wake alishasema.

Faksi ya Ijumaa ikasema Mitunguu, kule Meru. Ya Jumanne, Mitunguu. Ya Ijumaa tena, palepale. Bata mzima hatulii hivyo. Njiru akafunga safari roho mkononi, akijua anakwenda kuokota mifupa.

Setilaiti haikujua mlango wa mtu, kwa hiyo alibisha boma baada ya boma mpaka akafika kwa Gatwiri, mjane mwenye migomba kando ya mfereji. Hakumaliza hata kueleza shida yake. Mama alipiga makofi.

"Kumbe ni wewe mwenyewe wa hii bata! Mungu ni mwema. Nimetangaza kanisani Jumapili mbili, watu wananicheka tu."

Bata alikuwa bandani, mzima, amenona kwa mahindi, mtambo ungali mgongoni. Njiru nusura apige magoti kwa furaha. Kisha akayaona mabawa.

"Nani alimkata manyoya, mama?"

"Si ni mimi? Ilinaswa kwa neti ya nyanya. Nikaona imefungwa alama, nikajua hii iko na mwenyewe. Mnyama ya mtu ikikuja kwako, unaichunga mpaka akuje. Sasa hii inaruka! Nikachukua makasi, nikakata pande zote mbili."

Manyoya mapya yangechukua miezi. Njiru alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Mama yake mwenyewe kule Kanja angefanya vivyo hivyo, tena angejisifu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jua lilipoanza kushuka, kundi la mabata likapita juu likiita, limeelekea kaskazini. Yule jike akaponyoka mlangoni, akatimka katikati ya migomba akipigapiga vile vigutu vyake. Akaruka, akaanguka kifudifudi. Akainuka, akaruka tena, akaanguka mferejini. Njiru alisimama tu, mikono inaning'inia. Gatwiri ndiye aliyemkimbilia, akarudi naye kwapani, anahema, uso umejaa furaha.

"Umeona? Ningeiacha hivyo hivyo, leo ingekupotea kabisa."

"Ni kweli, mama," Njiru akasema, machozi yakimlengalenga. "Asante kwa kunitunzia."