Kimya cha Binti wa Mwaka wa Kwanza

…na kimya hiki nacho, loo, kinamwasha mhadhiri ulimi, anajihimiza, sema kitu mama, sema chochote, binti wa mwaka wa kwanza keshatamka, "Mwalimu, mimi naacha chuo, kesho naondoka," kisha basi, macho kwenye zulia, na kule kwenye semina ya ulezi wa wanafunzi waliambiwa mtu akinyamaza usimwokoe, ngoja, kimya ni chake, wakacheka wote, walimu hao, watu wa kuishi kwa mdomo, wangoje!… lakini neno hilo hapo, kwenye ncha ya ulimi, jikaze, jikaze mwanangu, kama alivyoambiwa yeye mhadhiri alipofiwa na baba katikati ya mitihani, shangazi jikaze, mjomba jikaze, mwalimu wake naye jikaze, akajikaza kweli, akafaulu, na hajamlilia baba yake mpaka leo, hata chozi, sasa huo nao ni ushindi gani… hodi, mlango unafunguka kabla hajaitika, kichwa cha mkuu wa idara, "Mwalimu, kikao, tunakusubiri wewe tu," na jicho kwa binti, jicho la huyu naye ana nini tena, mkuu huyuhuyu aliyesema mbele ya watu kwamba shida za nyumbani zibaki nyumbani, sisi si mayaya, "Nakuja," ulimi umeshajibu, ulimi huu wa utiifu, na binti anauvuta mkoba wake mapajani, taratibu, bila kinyongo, keshazoea kuachwa huyu, la, hapana, akitoka mlango ule ndiyo basi tena, harudi, nani atamfuata huko… "Mkuu, anzeni bila mimi." "Lakini ripoti yako—" "Anzeni!" Heh, sauti ya nani hiyo, yake, na wamwandikie barua ya onyo wakitaka, mayaya eti, haya, na awe yaya, yaya hamwachi mtoto wa watu njiani, mlango unabamizwa, ubamizwe, naye mhadhiri haulizi, hahubiri, neno lile analimeza lishuke na uchungu wake wote, na haya, ala, machozi ya nani haya, ya baba, leo hii, mbele ya mwanafunzi, aibu gani, aibu ya nani, yatoke, hayafuti ng'o… binti ameinua macho, anamtazama, bado hajasema kitu, huenda asiseme, huenda kesho akaondoka kweli, lakini akiondoka haitakuwa kwa sababu kuna mtu alimharakisha, si humu, si leo, na mhadhiri haondoki hapa hata waje kumbeba na kiti chake.