Mkia wa Kongoni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vitone vya chaki. Vilishuka nyuma ya mapaja ya kongoni vikaelekea kwatoni, na havikutakiwa kushuka. Vilitakiwa kupanda.

Karakana yetu inadarizi kongoni wa taifa kwenye bendera kubwa za serikali. Mchoro uko kwenye karatasi ngumu iliyotobolewa kwa sindano. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, huilaza juu ya kitambaa, akaipigapiga kwa kifuko cha chaki ya bluu. Akiinua karatasi, vitone vinabaki, nasi tunavifuata kwa uzi. Mkia hushonwa mwisho kwa kuwa ni mwembamba kuliko vyote.

Karatasi zenyewe ni mbili, zinaning'inia kwenye msumari mmoja. Ya zamani ni ya wakati wa uhuru: kongoni ameshusha mkia. Shangazi aliwahi kunieleza, "Walitaka mnyama mtulivu, asiyemtisha jirani. Majirani wakacheka, wakasema hawa wamechagua mnyama aliyetoka kuchapwa." Serikali iliyofuata ikatunga sheria nzima kwa ajili ya mkia. Ukapandishwa, na hadi leo uko juu. Pembe, kwato, hata jicho, havikuguswa. Karatasi ya zamani ilipaswa kutupwa, lakini shangazi hatupi hata kipande cha uzi.

Safari hii tulikuwa na bendera nane za ukumbi mpya wa bunge, na zote nane shangazi alikuwa amezitia chaki kwa karatasi ya zamani.

Wenzangu hawakuona. Jirani yangu wa mezani, tunayemwita Cherehani kwa kuwa mdomo wake haupumziki, alikuwa bado kwenye pembe. Mimi niliona, nikanyamaza. Mtu aliyeishia darasa la tano atamwambia nini mwanamke aliyetufundisha kazi wote mle ndani? Halafu kulikuwa na mkaguzi wa serikali, Bwana Rula. Mwaka jana tulikosea rangi ya uzi, naye akasema wazi: kosa moja zaidi, shangazi atakabidhi chumba cha michoro aende kupumzika nyumbani.

Basi nikafanya nilichoweza bila kufungua mdomo. Wenzangu walipotoka kwenda kula, nilichukua kitambaa chenye unyevu nikafuta mikia. Yote minane.

"Chaki gani hii?" shangazi akalalamika. "Haishiki!"

"Labda kongoni wanaikung'uta wenyewe," Cherehani akasema. "Inzi wamezidi."

Shangazi akatia upya. Mkia chini. Nikafuta tena. Siku tatu tukaenda hivyo, yeye anatia, mimi nafuta.

Siku ya nne Bwana Rula akaingia. Akapima pembe, akapima kwato, akaguna kwa kuridhika. Kisha akasimama nyuma ya kongoni wa kwanza.

"Mama, mikia iko wapi?"

"Ni chaki, bwana. Siku hizi wanatuuzia vumbi. Ngoja nikuoneshe." Akanyoosha mkono kwenye msumari, akashika karatasi ileile ya zamani.

Nikaiwahi ile nyingine, nikamtia mkononi.

"Ni hii, shangazi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Mimi ndiye niliyezichanganya. Nilipofagia jana zilianguka."

Bwana Rula akazichukua karatasi zote mbili, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akamtazama shangazi. Akanitazama mimi.

"Kumbe huyu mtoto anaongea," akasema. Akainama juu ya kitambaa, akapapasa pale penye upungufu. "Mngeshona mkia wa chini, ningezirudisha zote. Wabunge wapokewe na kongoni mwenye aibu?" Akajichekesha mwenyewe. "Lakini hapa hakuna hata tundu la sindano. Hili si kosa, ni kazi ambayo haijakwisha. Mama, hebu tia chaki nione."

Shangazi akatia. Alipoinua karatasi, mkia ulikuwa umepanda. Bwana Rula akaweka sahihi, akasema gari litakuja kesho kutwa.

Mlango ulipofungwa nilikaa sakafuni, nikawa nacheka huku machozi yananitoka.

"Jamani, kasema maneno tisa!" Cherehani akapiga makofi. "Nimeyahesabu! Ndiyo yamekwisha hayo mpaka mwakani."

Jioni shangazi akanivuta pembeni. "Jana nilifagia mimi," akaninong'oneza. Akazishika karatasi mbili, akazisogeza usoni mpaka zikamgusa pua. "Sioni tofauti, mwanangu. Naona ukungu tu." Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. "Kesho unisindikize kwa daktari wa macho."

Nikamsindikiza. Sasa ana miwani mizito, na hakuna mshono uliopinda unaomponyoka. Tunamlalamikia, naye anafurahi.

Tukiwa njiani siku ile alinishukuru. Alisema nina heshima, kwamba nilimsitiri asiaibike mbele za watu. Niliinamisha kichwa nikaipokea sifa.

Shangazi, haikuwa heshima. Niliogopa kwamba ukiondolewa wewe, hakuna mwingine atakayemvumilia msichana asiyesema. Nilikuwa najiokoa mwenyewe.