Ulimi wa Kengele

Mhifadhi wa makumbusho ya mji hakuwa mtu wa kutulia. Dada aliyekata tiketi mlangoni alimwita Kiguu na Njia, na jina likamganda. Ungemwona chumba cha mbele akinyoosha picha, mara yuko stoo, mara karudi kuuliza alikuwa anatafuta nini. Wiki ile ndiyo akazidi. Jumamosi walikuwa wanafungua maonyesho ya kiwanda cha ngozi, kiwanda kilichoujenga mji kisha kikauacha mataani, na kitu kikubwa kuliko vyote, kengele ya kiwanda, bado kilikuwa sakafuni kimefunikwa gunia.

"Hiyo kengele utaifunua lini, siku ya kiama?" mkata tiketi aliuliza.

"Nitaifunua."

"Visu vya kuparia ngozi umevipangusa tangu asubuhi. Vitakukata bure."

Mkata tiketi alijua kinachomsumbua. Mji mzima ulijua. Mpiga kengele wa kiwanda alikuwa babu yake mhifadhi, mzaa baba. Siku banda la kukaushia ngozi liliposhika moto, na moto ukarukia nyumba za wafanyakazi, kengele haikulia. Waliotoka zamu ya usiku walikuwa wamelala fofofo mchana ule, na saba kati yao hawakuamka tena. Ikasemwa mpiga kengele alipitiwa na usingizi. Wengine wakasema alilewa, na mtu mwenyewe hakuwahi kuonja pombe. Hakumjibu hata mmoja. Wakamwita Bubu, akaishi Bubu, akafa Bubu. Mwanawe akakua akiitwa Mtoto wa Bubu. Naye mjukuu, binti huyu, shuleni, kila kengele ya mapumziko ilipogongwa, hakukosekana mtoto wa kumgeukia na kusema, "Afadhali hii imelia."

Basi akalivuta gunia kama mtu anayebandua plasta, kwa mara moja.

Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Akapitisha kiganja juu, akaingiza mkono ndani kupapasa ulimi, kile chuma cha kuigonga, kwa sababu fundi wa kuitundika alitaka kujua uzito wake. Mkono ukapapasa hewa. Akalala kifudifudi sakafuni, akawasha tochi ya simu. Huko juu ndani palibaki kipande kifupi cha chuma tu. Ncha yake ilikuwa sawa kama meza, na pembeni palikuwa na mistari myembamba, mahali msumeno ulipoanza kukata, ukateleza, ukarudi.

"Njoo uone!"

Mkata tiketi akapiga magoti, akachungulia. "Hii haikukatika. Hii imekatwa."

"Imekatwa."

"Sasa babu yako angepiga nini? Wewe! Mzee wa watu hakulala!"

Mhifadhi hakungoja amalize. Alitoka na aproni yake mwilini, akavuka barabara nusura agongwe na baiskeli. Mwenye duka la mkabala akamwita, "Kuna nini, mwanangu, mbona mbio?" Akajibu kwa mkono tu. Mama yule alikuwa amempoteza dada yake mkubwa katika moto ule. Hakuwahi kumnunia mhifadhi hata siku moja, lakini pia hakuwahi kuvuka barabara kuja makumbusho.

Baba yake alikuwa fundi viatu, na kazi alifanyia uani, karibu na mlango wa nyuma, miguu imenyooka na kiatu cha mtu mapajani. Mhifadhi alianza kusema kabla hajafika.

"Baba, hakulala! Kuna mtu aliikata ile kengele. Nimeona kwa macho yangu, ulimi umekatwa kwa msumeno, hata angeivuta kamba mpaka..."

Mlango wa uani ulikuwa umeshikiliwa usibamizwe na upepo kwa kile chuma cha siku zote, kizito, chembamba huku na kichwa cha mviringo kule. Utotoni alijikwaa nacho, akagongea nacho karanga, akapigwa kwa kukiangushia kidoleni mwa mama. Sasa aliinama, akakiokota. Upande mwembamba ulikuwa sawa kama meza. Tena ulikuwa na mistari ileile.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mhifadhi alihisi nguo zote zikimbana kwa pamoja.

"Kirudishe mlangoni," baba alisema, bila kuinua macho.

"Nani alikikata?"

"Nimesema kirudishe."

"Baba, ni babu?"

Fundi viatu alichoma sindano, akavuta uzi, akachoma tena, akaona amejishonea bure upande usio na kazi. Akaweka kiatu chini.

"Watu wa kiwandani walikuwa wanataka kugoma," alisema. "Zile dawa za kulainishia ngozi zilikuwa zinawachuna mikono. Lakini sheria ya pale, kengele ikilia na wewe hujaingia, kazi huna na nyumba huna. Wanyapara walikuwa wanapita mlango kwa mlango. Wafanyakazi wakaketi wakasema, kengele isipolia, hakuna aliyechelewa. Nani wa kuinyamazisha? Babu yako mwenyewe akasema, niachieni."

"Akakata."

"Alfajiri. Mgomo ukashika, watu wakacheka, na waliotoka zamu ya usiku wakaenda kulala. Mchana banda likawaka."

Mhifadhi alitaka kukaa akashindwa. Akazunguka kati ya ukuta na kamba ya nguo, chuma mkononi.

"Alipanda mnara wa kengele," baba akaendelea. "Hana jiwe, hana nyundo. Akaipiga kwa ngumi. Shaba haisikii ngumi, mama. Akapiga mpaka vidole vikavunjika."

Zile ngumi alizikumbuka: mikono ya babu isiyofumba, iliyoshika kikombe kwa viganja viwili kama mtu anayebeba kifaranga. Alidhani ni dawa za kiwanda.

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema nani walimtuma, wangefungwa wote. Baada ya moto kengele haikuguswa tena, wenye kiwanda wakafunga virago, wenzake wakatawanyika, na jina lilikuwa limeshakolea." Sasa alimtazama binti yake. "Na mimi nikaona heri. Aliyelala husamehewa, mama. Aliyekata je? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe lenyewe tumelifanya kizuizi cha mlango!"

"Basi endelea kulifanya hivyo."

Aliondoka na chuma kimefungwa ndani ya aproni. Baba hakumzuia, wala hakumuaga.

Siku mbili zilizofuata Kiguu na Njia alistahili jina lake. Alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliandika maelezo ya kengele, akayachana. Aliandika kwamba ulimi ulipotea, na hapo mkono ukakataa kuendelea. Mkata tiketi, aliyekwisha kuambiwa yote, alikuwa na shauri lake: "Sema umekatwa, nani kakata usiseme. Uongo haupo hapo." Lilikuwa shauri zuri. Mhifadhi alilala nalo, akaamka nalo, likamwasha kama upupu.

Ijumaa asubuhi alivuka barabara. Mwenye duka alikuwa anapanga sabuni rafuni. Mhifadhi aliweka chuma juu ya kaunta, akaeleza tangu mgomo hadi ngumi, kwa haraka, kwa kuogopa kwamba akipumua atakimbia. Alipomaliza, mama yule alikinyanyua kile chuma kwa mikono miwili, akakirudisha.

"Dada yangu aligoma naye," alisema. "Mikono yake ilikuwa mibichi kama nyama ya buchani. Mama alimlisha kwa kijiko."

"Samahani, mama."

"Aliamini amelala kwa usalama."

"Samahani."

"Toka dukani kwangu."

Mhifadhi akatoka. Safari hii mkono ulikubali. Aliandika yote, kwa herufi kubwa, sentensi fupi: nani aliukata ulimi, kwa ajili ya nani, nini kilitokea mchana, na kwamba mpiga kengele alikuwa babu wa aliyeandika. Akauweka ulimi kwenye meza chini ya kengele, bila kioo.

Jumamosi watu walifurika. Walipofika kwenye kengele, minong'ono ikageuka kelele. Mzee mmoja alisema, kumbe Bubu alikuwa mwanamume. Kijana mmoja akajibu, mwanamume aliyeua watu. Wakasukumana kidogo. Mwenyekiti wa kamati ya makumbusho akamvuta mhifadhi pembeni na kumuuliza kama ametumwa na adui zake. Mhifadhi alikuwa anajibu huku anatazama mlangoni, hajui anamngoja nani.

Aliyeingia ni mwenye duka. Watu wakampisha. Akasoma polepole, midomo ikicheza, akasoma tena. Kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa chumba, kwenye ukuta wenye picha za wale saba.

"Mtoe dada yangu kule."

"Mama, nikimtoa..."

"Mlete hapa. Karibu na hiki chuma. Anayesoma habari za mgomo amwone usoni. Sikusema nimesamehe. Nimesema mlete."

Mhifadhi akapanda kiti, akaitoa picha, akaja nayo. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyechagua mahali, akaisogeza kushoto, akairudisha kulia, hakuridhika, akaiacha. Ndugu wa marehemu wengine wakaanza kudai vivyo hivyo, na kabla ya adhuhuri ukuta ulibaki misumari mitupu na meza ya kengele imejaa nyuso.

Baba hakuja siku ile. Alikuja Jumanne, siku isiyo na watu wengi, kavaa shati la kutokea na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe. Mkata tiketi alikuwa anakunywa chai, wageni wawili wa mbali wakiizunguka kengele. Mmoja wao akamgeukia fundi viatu.

"Samahani, mzee, wewe ni mtu wa hapa? Huyu mpiga kengele, ilikuwaje?"

Mhifadhi alisikia kutoka stoo, akasimama na ufagio mkononi.

"Mimi ni mwanawe," fundi viatu alisema. Akakigusa kile chuma, akaanza upya. "Mimi ni mwanawe. Ngoja nikueleze."