Kipande cha Rebeccah Kwenye Mtungi wa Mbegu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1997, ndiyo siku Kipchirchir wa Roret, aliyeishia darasa la nne, alijifanya daktari.

Asubuhi hiyo Daktari Onsongo alimkabidhi chupa yenye kipande cha uvimbe uliotoka kwenye titi la Rebeccah, mke wa Kipchirchir. Akamweleza polepole. Kwa wagonjwa wengine jeni moja hujinakili kupita kiasi, nakala hizo zikatengeneza protini nyingi mno, na protini ndizo zinazouamrisha uvimbe ukue. Kipchirchir alielewa upesi: ni kama kamati ya kiwanda cha chai, kiti kimoja kinazaa wenyekiti kumi, wote wanatoa amri. Ng'ambo walikuwa wakijaribu dawa ya kuzishika protini hizo, ila Rebeccah angepewa tu kama kipimo cha huko kingeonyesha nakala zimezidi. Kazi ya Kipchirchir ilikuwa kufikisha chupa Kericho, ipelekwe Nairobi na kutoka hapo ng'ambo.

"Usimwage hiyo dawa ya ndani, ndiyo inayozuia kipande kisioze," daktari akasema. "Na usiweke kwa baridi."

Mchana mvua ikabeba daraja la njia ya Kericho. Kipchirchir akamlaani waziri wa barabara, diwani, chifu, hata mkandarasi ambaye hakumjua. Jioni akaanza kuiwazia ile nyama. Miaka ishirini ya kuuza maziwa ilikuwa imemfundisha kwamba kisichopozwa huoza, na madaktari, kama wakubwa wote, huongea tu.

Akamwendea Owiti, aliyepandisha ng'ombe kwa sindano ya mbegu za fahali, mwenye mtungi wa baridi kali unaofuka moshi.

"Mzee, humu ndani ni mafahali tupu. Mama atakubali?"

"Weka. Mimi najua."

Dawa ya kwenye chupa ilinuka vibaya, kwa hivyo akaimwaga.

Rebeccah alimuuliza kama ndivyo daktari alivyosema. Akamjibu ndivyo.

Barabara ilipofunguka, kipande kikasafiri. Jibu lilikuja Desemba: barafu imekipasua, hakisomeki, leteni kingine. Rebeccah hakuwa tena na nguvu ya kukatwa. Alizikwa Februari, kando ya shamba la chai.

Mpaka leo Kipchirchir husimama mikutanoni akamlaumu waziri kwa sababu ya lile daraja, na watu humpigia makofi. Owiti peke yake huangalia viatu vyake. Kisha mheshimiwa wa kujua yote hurudi nyumbani kujipikia ugali mbichi, akiwa bado na lile swali alilowahi kumuuliza Daktari Onsongo: zile nakala za Rebeccah, zilikuwa zimezidi au hazikuzidi?