Faini ya Susu Kasiva

Mkubwa wa nyumba yetu ana miaka mitano na bado huvaa viatu kinyume. Ni dada yangu mdogo, na jina lake ni Kasiva. Alirithishwa jina la marehemu nyanya yetu, mama yake baba, na kwa sisi Wakamba jina haliji mikono mitupu. Huja na mwenyewe. Kwa hivyo baba humwita Mwaitu, yaani mama yangu. Mama naye humpa heshima zote anazostahili mama mkwe. Majirani zetu hapa Mbololo, ambao wengi ni Wataita, hawatushangai, maana wao pia hurithisha majina ya wazee. Mimi humwita Susu, yaani nyanya, na kila asubuhi ya likizo humpigia goti kwa unyenyekevu uliopita kiasi, huku nikimkonyeza mama.

"Shikamoo, Susu."

"Marahaba. Kamasi zimetoka," hunijibu, na mimi Mumo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtu aliyewahi kuipigia shule nzima kengele ya chakula katikati ya kipindi cha hesabu, huinuka kwenda kutafuta kitambaa.

Kumtunza Susu kuna masharti. Hafokewi. Hashikwishikwi bila kuulizwa. Na zaidi ya yote, hadanganywi. Ukimkosea anakutoza faini, na faini yake haina rufaa. Niliwahi kumficha kiatu kimoja, nikahukumiwa kumbeba mgongoni hadi kwa jirani na kurudi, huku akinielekeza njia ninayoijua tangu kuzaliwa.

Nilibakiwa na kitu kimoja tu cha kunipa hadhi katika nyumba hiyo: firigisi. Baba huendesha lori la mizigo na mara nyingi hayuko. Akiwa hayuko, kuku akichinjwa, firigisi ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume aliyesalia. Susu aliwahi kuiomba. Nikamhutubia juu ya mila na desturi hadi akasinzia juu ya sahani.

Jumamosi moja Susu alimfukuza kuku mwekundu wa mama, kuku mwenye kiburi, akamfuata mpaka ndani ya banda. Kuku aliinama kupita chini ya bati. Susu hakuinama. Kona ya bati ilimchana kutoka kwenye nyusi ya kushoto ikashuka hadi karibu na kope. Mama aliukandamiza uso wake kwa leso, boda boda ikaitwa, tukapanda sote watatu kuelekea mjini Voi. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nusu yangu ikiwa kwenye pikipiki na nusu ikiwa kwa neema ya Mungu.

Njiani Susu aliuliza, "Watanidunga sindano?"

"Hapana, mwaitu," mama akasema. "Daktari ataangalia tu."

Nilisikia. Ni uongo ambao mama wengi huusema njiani kwenda hospitali, na hakuna anayefungwa kwa ajili yake. Lakini kwetu aliyeambiwa alikuwa Susu.

Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu bado tunahitaji kutibiwa pale. Muuguzi aliyetupokea aliitwa Festus, mtu mpole, koti jeupe limepigwa pasi, mwenye kuamini utaratibu kama mwalimu wa zamu anavyoamini filimbi. Alimchukua Susu mikononi, akafungua mlango wa chumba cha kushonea, na mama alipotaka kufuata akamzuia kwa kiganja.

"Mzazi abaki nje. Mtoto akimwona mama hulia zaidi."

Mama akabaki nje. Naomba hilo lieleweke. Mama yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na siku ya wazazi hata naibu mwalimu mkuu wetu humpisha mlangoni. Lakini mbele ya koti jeupe alirudi nyuma, akaketi kwenye benchi akiwa ameshika kandambili moja ya Susu. Nyingine ilikuwa imebaki barabarani.

Kisha nadhani Susu aliiona sindano.

Nimewahi kumsikia akilia. Hakikuwa kilio hicho. Ilikuwa ghadhabu. "Mmenidanganya!" sauti ilipenya mlangoni. "Mimi! Mmenidanganya mimi!" Kukafuatia vishindo, kitu cha chuma kikaanguka, mtu akasema, "Mshike miguu, leteni shuka mumfunge," mwingine akasema, "Aii!" Mama alikuwa ameikunja ile kandambili mpaka ncha zake zikakutana. Nilitafuta neno la kumchekesha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu duniani. Sikulipata.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka daktari, mwanamke mfupi anayeitwa Dinah, akivua glavu. Nyuma yake alikuwa Festus akitazama mkono wake, ambapo meno ya maziwa yalikuwa yameacha alama ambayo chui angejivunia.

"Mama, mtoto hatulii," daktari Dinah alisema. "Kidonda kiko karibu sana na jicho. Akirusha kichwa nikiwa na sindano pale, tunaweza kupoteza jicho. Siwezi kubahatisha. Tukishindwa, itabidi aende Mombasa alazwe usingizi ndipo ashonwe, na kidonda kinazidi kuvimba." Akafuta paji la uso. "Nyumbani huwa anamsikiliza nani?"

Mama akanigeukia.

"Daktari, kwa heshima," nikasema, "hamsikilizi mtu. Sisi ndio humsikiliza yeye."

"Kijana," Festus akasema, "hapa si mahali pa mzaha."

Sikumlaumu. Nina uso ambao walimu huwa wameshaufukuza darasani kabla haujazungumza. Mara hii tu nilitamani kukopa uso wa mtu mwingine.

"Si mzaha. Mmemfunga nyanya yetu kwa shuka na kumshika miguu. Na kabla ya hapo tulikuwa tumemdanganya kwamba hakuna sindano."

"Mumo!" mama alisema, kwa ile sauti ambayo hutangulia kofi. Nikafumba jicho moja. Kofi halikuja. Nilipolifumbua, mama alikuwa amesimama.

"Ni kweli, daktari," alisema. "Ana jina la mama mkwe wangu. Kwetu hatumwambii uongo. Leo nilimwambia."

Daktari Dinah alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama kandambili. "Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, kule Taita milimani," alisema polepole. "Mama yangu hakuwahi kuninyooshea kiboko. Alikuwa akisema hawezi kumchapa mama yake." Akausukuma mlango. "Ingieni. Nyote wawili."

"Daktari, wazazi huwa—"

"Festus, kufuata utaratibu kumekuletea meno. Hebu tujaribu bila huo."

Susu alikuwa ameketi kwenye kona ya kitanda, mgongo ukutani, shuka imemfunga hadi shingoni, kitambaa cha dawa juu ya nyusi. Jicho lake zima lilitutazama jinsi hakimu anavyomtazama mtu aliyechelewa mahakamani. Mama hakumkimbilia. Aliweka mkoba chini, akaifungua ile shuka, akaitupa sakafuni. Kisha akapiga goti. Yale magoti yangu ya kila asubuhi yaliona aibu.

"Mwaitu," alisema, "nimekukosea. Nilisema hakuna sindano. Sindano ipo. Niliogopa, ndiyo maana nikakudanganya. Nisamehe."

Sijawahi kumsikia mama akimwomba mtu msamaha. Nilidhani ni kitu alichozaliwa bila, kama vile wengine huzaliwa bila sauti ya kuimba. Hata Festus aliacha kuutazama mkono wake.

Susu alifikiria. "Ni sindano ngapi?"

Mama akamgeukia daktari. Daktari Dinah alisogea, akainamisha kichwa, na bila hata chembe ya tabasamu akasema, "Shikamoo, Susu."

"Marahaba."

"Kuna sindano ya ganzi. Nitaidunga mara mbili, labda tatu. Itauma kama siafu. Halafu mahali pale patalala. Nikianza kushona utahisi navuta, lakini hutahisi kuchomwa."

"Siafu mmoja ama wengi?"

Daktari alipima jibu lake. "Watatu," alisema. "Wakubwa."

Nilikunja uso. Ningekuwa mimi ningesema mmoja, tena mdogo, tena mzee. Lakini Susu alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hatimaye amepata mtu wa kuzungumza naye.

"Wewe umewahi kushonwa?"

"Hapa." Daktari aliinua kidevu chake. Palikuwa na alama nyembamba. Susu alinyoosha kidole akaipapasa.

"Ulilia?"

"Nililia sana."

"Haya," Susu akasema, na akatoa masharti yake. Mama apande kitandani na asitoke. Shuka isirudi. Mumo ashike kidole gumba cha mguu wake na asiseme kitu, hata kidogo, hata cha kuchekesha. Kisha akamwelekezea Festus kidevu. "Na huyu asinishike. Asimame pale."

Festus akasimama pale, ukutani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekosa gwaride.

"Mimi pia nina jambo," daktari Dinah alisema. "Ukitaka nisimame, usirushe kichwa. Inua kidole hiki. Nitasimama hapo hapo."

Susu aliinua kidole. Daktari akarudi nyuma. Akakishusha, daktari akasogea. Akakiinua tena, daktari akarudi tena. Nimejaribu watu wengi maishani mwangu kwa njia hiyo na najua huwa wanachoka mara ya pili. Daktari hakuchoka. Ndipo Susu akajilaza kifuani kwa mama, mgongo wake kwenye tumbo la mama, kisogo chini ya kidevu cha mama, akafumba macho.

"Anza," alisema.

Naandika sasa nilichokiona, na anayefahamu sifa zangu ana haki ya kutilia shaka. Daktari alikuwa akisema kila kitu kabla ya kukifanya. Sasa napaka dawa, ni baridi. Sasa siafu wa kwanza. "Siafu!" Susu akapaza sauti, na kile kidole gumba kikakakamaa mkononi mwangu kama msumari. Kichwa hakikusogea. Siafu wa pili. Machozi yakatoka chini ya kope zake. Kichwa hakikusogea. Siafu wa tatu alimfanya avute pumzi ndefu, na mama akaivuta pamoja naye, wakaishusha pamoja, na tangu hapo sikuweza kujua ni nani aliyekuwa akimpumulia mwenziwe. Mikono ya mama haikumfunga. Ilikuwa tu pale, imefunguka, mmoja tumboni na mmoja begani. Dakika chache kabla watu wazima hawa walikuwa wameshindwa kumtuliza kwa shuka na nguvu. Sasa hakuna aliyemshika, ila mimi na kidole chake cha mguu, na hakuna aliyehitaji kumshika.

Uzi ukaanza kupita. Katikati ya kazi, kidole kikainuka.

Daktari alisimama hapo hapo, sindano juu. Festus alipiga hatua moja mbele, akakumbuka masharti, akarudi. Nilijiambia basi, imekwisha, ni Mombasa. Hakuna aliyesema kitu. Kuna siku ndovu walitoka mbuga ya Tsavo kuvuka barabara kuu na malori yote yakazima injini, madereva wenye midomo yao wakanyamaza kama watoto kanisani. Kimya kilikuwa cha namna hiyo.

"Mama analia," Susu alisema, macho ameyafumba. "Machozi yananiingia sikioni. Mpanguseni."

Ni Festus aliyekwenda. Alichukua kitambaa safi, akampangusa mama shavu hili, kisha shavu lile, taratibu, kwa mkono ule ule uliong'atwa. "Pole, mama," alisema. Akaliendea na sikio la Susu, akasita. "Naomba ruhusa, Susu."

"Haya."

Akalikausha.

"Endelea," Susu akamwambia daktari, na kidole kikashuka.

Tulipotoka, nyusi ya Susu ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe na jicho lilikuwa salama chini yake. Nyuma yetu nilimsikia Festus akiita mgonjwa mwingine, mtoto aliyebebwa na baba yake. "Mzazi abaki..." alianza. Akautazama mkono wake ulioumwa. "Mzazi, ingia naye. Vuta hicho kiti."

Kwenye benchi, mama alimvisha Susu ile kandambili moja. Susu aliutazama mguu mwingine uliokuwa mtupu, akaona wakati umefika.

"Faini," alisema.

"Sema, mwaitu."

"Yule kuku mwekundu achinjwe."

Mama akainamisha kichwa. Hukumu ilikuwa ya haki. Hata kuku asingekata rufaa.

"Na firigisi nile mimi," Susu akaongeza, akanigeuzia lile jicho moja.

Hotuba yangu juu ya mila na desturi niliijua yote kwa moyo, pamoja na mahali pa kupumua. Niliitafuta kinywani. Nikakuta kimya kile cha ndovu bado kimekaa mle, hakijaondoka.

Jioni ile niliipakua firigisi mwenyewe, nikaiweka kwenye sahani yake, nikampelekea kwa mikono miwili. Nilipiga goti. Mama alinitazama akingojea nimkonyeze, na sikumkonyeza.

"Shikamoo, Susu."

"Marahaba," alisema, akaichukua, akaitafuna yote polepole, wala hakuniuliza kama nataka.