Utenzi wa Rais Quirós

Kwanza nilisikia funguo zikigonga chuma cha kitanda. Nilipofumbua macho, Wanjohi, Mkenya msimamizi wetu wa walinzi, alikuwa amesimama katikati ya chumba chetu cha mtaa wa Najma, Doha, simu mkononi.

"Amka, malenga! Hii ni nini? 'Kiti akakigandia, wino akaufungia.' Ni mimi huyu?"

"Ni Rais Quirós," nikasema. "Wa Amerika ya Kati, karne ya kumi na tisa."

Na ni kweli. Maisha yake niliyasoma katika kitabu alichoacha mpangaji wa jengo ninalolinda mtaa wa Al Sadd. Mchunga nguruwe asiyejua kusoma, aliingia mji mkuu na jeshi la wakulima, mapadri wakimbariki. Akawarudishia wanakijiji mashamba yao. Kisha akafunga magazeti, akajitangaza rais wa maisha. Nilimpenda, nikamchukia, nikamtungia beti sitini na kuzituma kwa namba ngeni kwenye grupu la WhatsApp la Waswahili wa Doha.

Lakini wiki ileile Wanjohi alikuwa amelifunga grupu la walinzi kwa sababu tulilalamikia zamu ndefu. Kila aliyesoma alicheka, akamwona yeye.

"Nani kakwambia ni wangu? Namba ile si yangu."

"Aki wewe! Unaficha namba, halafu mwisho unaandika, 'Mtunzi wake Bakari, Doha nalinda kwa ari'?"

Watunzi wa kwetu hujitaja mwishoni. Mkono wangu uliandika bila kuniuliza.

"Sikiza, ndugu yangu. Fomu yako ya likizo iko kwa meza yangu. Futa hiyo kitu, uombe msamaha kwa grupu, uende ukaone mtoto. Ukikataa, utakaa hapa."

Miaka miwili sijafika nyumbani. Binti yangu Zuhura nimemwona kwenye kioo cha simu tu.

"Sifuti hata mizani moja."

Akatoka. Nikabaki na vitanda sita na dirisha linalotazama ukuta. Nikampigia mke wangu, Rukia, huko Tanga, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo huji," akasema.

"Wataka niombe radhi kwa kusema kweli?"

"Mimi nataka mume. Hilo jina lako ndilo litakalombeba Zuhura?"



"Mama Zuhura, kesho asubuhi nakwenda Wizara ya Kazi kudai likizo yangu. Wakishindwa kunisaidia, nitaufuta utenzi na jina langu kwa mkono wangu, niombe radhi mbele ya watu wote, nije. Nakuahidi."